Maji ya Kunolea Panga

Kwa mavuno mawili mazima niliamini kwamba kuua mtu ni ugonjwa unaoletwa na maji. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho jua litatokea ng'ambo ya mto na kuzama nyuma ya milima.

Habari yenyewe niliipata mashineni. Kazi yangu ni kukoboa mpunga hapa Mchombe, na mashine ya kukoboa ni redio isiyohitaji betri: kila gunia huingia na maneno yake. Siku hiyo lilikuja gunia la mzee mmoja wa Masagati, aliyekuwa amehamia kwa binti yake huku kwetu. Alisema huko kwao mtu alimuua mwenzake, kisha akaosha panga kwenye kijito. Maji yakateremka. Kila aliyechota maji yale akalowesha nayo jiwe la kunolea, panga lake lilishikwa na homa, na panga lenye homa halitulii mpaka limemwona mtu. Ushahidi alikuwa nao. Kulitokea mauaji huko juu, kisha kwenye kijiji kinachofuata, kisha kinachofuata tena, yote yakishuka pamoja na bonde. Aliniambia sasa ni zamu yetu, akafunga pumba zake akaondoka.

Usiniulize maji ya Masagati yanaingiaje kwenye kijito cha Mchombe wakati vinatoka milima tofauti. Mimi sikumwuliza. Na sikuwa mjinga. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku kule Ifakara, nikiwa na ndevu na watoto watatu, nikibanana dawati moja na kijana ambaye ningeweza kumzaa na bado nikabakiwa na muda wa kumchapa. Mwalimu wa biolojia alitufundisha kipindupindu kwa ustadi mkubwa hata nusu ya darasa ikaharisha. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna kitu kinachoshuka na maji, kinachopita kijiji hadi kijiji na kuua watu, sikuona uchawi hapo. Niliona mada niliyoifanyia mtihani na kufaulu.

Nikaanza kuchemsha maji ya kunolea panga.

Mke wangu alivumilia siku chache. Halafu akawaambia majirani kwamba kwa mume wake watoto wanakunywa maji mabichi na panga ndilo linalochemshiwa, na kama hali itaendelea hivi panga litaanza kudai chai na maandazi. Walicheka wiki nzima. Mimi nilichemsha tu, mpaka sufuria ikaota kutu na kuni za nyumba zikaisha.

Kisha mtani wangu akauawa.

Alikuwa mtani wangu kwa ukoo. Babu zetu walivuka mto pamoja kutoka upande wa Mahenge, na tangu huko watu wa ukoo wake na wa ukoo wetu wana ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Alikuwa mtu mkubwa; akikaa kwenye benchi, aliyekaa ncha ya pili anapaa. Kila alipoleta mpunga alinipigia kelele mbele ya wateja, "Shikamoo mwanafunzi," nami nikamjibu kwamba siku akifa tutalazimika kumzika kwa awamu. Ndivyo tulivyosalimiana. Asiyejua utani angedhani tunachukiana. Mimi siku nisipomwona nilikuwa nakula bila hamu.

Ugomvi uliomuua ulihusu bata. Bata wa jirani yake walizoea kuingia kwenye jaruba lake la mpunga, naye siku moja akampiga mmoja kwa fimbo akafa. Wakashikana, jirani akakatwa mkono, akapelekwa zahanati akashonwa. Watu wakasema yameisha. Mwezi haujapita, wakakutana kwenye kilabu cha pombe ya komoni mchana kweupe, msimu wa mavuno, wanaume wametoka shambani moja kwa moja na kila mmoja ameweka panga lake chini ya benchi kama wengine wanavyoweka kofia. Mtu mmoja akalia kama bata. Wote wakacheka. Waliokuwepo waliniambia kwamba hata yule jirani alicheka, na kicheko kilikuwa hakijaisha midomoni mwao mtani wangu alipoanguka.

Polisi walikuja. Kwao kazi ilikuwa nyepesi: muuaji, yule jirani, alikuwa bado amekaa palepale, panga lilikuwepo, na mashahidi walikuwa wengi kuliko viti. Muuaji akachukuliwa. Mwili ukapelekwa Ifakara kwa uchunguzi, ukarudishwa, tukazika.

Mtani wangu aliacha mke na watoto wawili wa kiume, wote watu wazima. Mkubwa anaendesha bodaboda, ana mdomo na ana hasira za karibu. Mdogo ni mpole, mtu wa shamba na kanisa, ndiye anayeongoza rozari kwenye jumuiya yao. Na yule muuaji naye aliacha nyuma mdogo wake, fundi wa vitanda mwenye banda barabarani, ambaye hakuwepo kilabuni wala hakuwahi kufuga bata. Kosa lake lilikuwa moja tu, kuzaliwa tumbo moja na muuaji. Hakuna aliyelitaja jina lake siku ya mazishi, na kila mtu alikuwa anamfikiria yeye.

Nesi wa zahanati alikuja siku ileile. Ni mama wa makamo, mwembamba, ana ulimi mkali, na kwa sindano zake wanaume wazima wamelia kwa sauti ya mbuzi. Alisalimia, akaketi mkekani karibu na mjane. Nilisikia walichozungumza kwa sababu mtani msibani hukaa anapotaka.

"Mume wangu ameshakwenda, nesi," mjane alimwambia. "Nibakizie hawa wawili. Sitaki mmoja kaburini na mwingine gerezani."

Nesi hakumpa pole tena. Aliinuka akaanza kuuliza maswali, na maswali yale mimi niliyafahamu. Ni yaleyale aliyoyauliza mwaka ule tulipopata kipindupindu. Nani alikula naye. Nani analala wapi. Nani atafika kesho na anatokea wapi. Usiku, waombolezaji wakiota moto, nani anaongea kuliko wenzake, na nani anamletea pombe. Yule fundi wa vitanda anapita njia gani kwenda kazini. Baba mdogo mmoja wa wale vijana, aliyefika kutoka Mlimba, alimkatiza. Alisema haya ni mambo ya polisi, yeye akashone watu.

"Polisi wameshampata aliyeua," nesi alisema. "Mimi namtafuta atakayeua."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba ni yeye mwenyewe aliyemshona yule muuaji, mkono huohuo ulioua. Alimpa dawa, akamwambia arudi kutolewa nyuzi, akarudi, akazitoa. Hakumwuliza kama ugomvi umeisha. Kidonda kilipona vizuri sana, alisema.

Mimi moyo uliruka. Hapa nilikuwa nimepata mtaalamu anayejua kwamba kitu hiki kinaambukiza. Nikamsogelea nikamnong'oneza kwamba kama ni hivyo dawa ninayo, mapanga yote ya msiba huu yaondoke leo. Sikumtajia maji, nilijua anayajua. Alinitazama kidogo, akasema, "Chukua."

Na mtu pekee aliyeweza kuyachukua alikuwa mimi. Mtani msibani ana ruhusa ya kunyang'anya. Anaweza kulala kaburini mazishi yakasimama mpaka apewe chochote, anaweza kubeba sufuria ya wali, anaweza kuvaa nguo za marehemu. Wenye msiba wakitaka kitu chao wanakikomboa kwa kuku, na hakuna wa kukasirika. Kumpiga mtani msibani ni sawa na kumpiga padre altareni.

Nikavaa koti la mvua la marehemu, likanimeza mpaka visiginoni. Nikatembea kwa mwendo wake, tumbo mbele, nikiwasalimia watu, "Shikamoo mwanafunzi, shikamoo mwanafunzi." Akina mama walicheka huku machozi yanawatoka. Nikapita nyuma ya nyumba, jikoni, chini ya magodoro, kwenye baiskeli za wageni, nikikusanya. Panga, shoka, mundu, panga. Baba wadogo wa Mlimba walinitukana sana, lakini kwa lugha ya utani, maana nyingine haikuruhusiwa.

La mwisho lilikuwa la mtoto mkubwa. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, panga limelala mapajani. Nikalishika kwenye mpini, naye akalishika.

"Mtani, achia," alisema.

"Njoo ulikomboe na kuku. Na asiwe yule wenu anayetembea kama ana baridi yabisi."

Hakucheka. Mkono wangu ulikuwa umeshika mpini juu ya wake, na nilihisi mapigo ya damu yake. Naweza kusema nilisimama pale mwaka mzima, mpunga ukapandwa na kuvunwa. Aliyeokoa mambo ni mama yake. Alitazama lile koti la mume wake likiburuzwa na mtu mfupi, akaanza kucheka, kicheko kibaya kilichopasuka katikati kikawa kilio. Kijana akaachia.

Nikayafunga mapanga kwenye gunia nikayaweka mashineni, nyuma ya injini. Kwa miezi niliwaambia wateja yalikuwa mia moja na yalibebwa na mkokoteni wa ng'ombe wawili. Kwa kweli gunia halikujaa.

Nesi naye alikuwa na kazi yake. Kwanza alikwenda kwa yule fundi akamwambia aondoke, aende kwa dada yake kule Sanje, akae mpaka arobaini ipite. Fundi alisema ana kitanda cha bibi harusi hakijaisha. Nesi akamwambia bibi harusi anaweza kulala chini, yeye akilala chini haamki. Fundi akaondoka na gari la asubuhi, randa na misumeno kwenye mfuko.

Kisha akamchukua yule mtoto mkubwa. Hakumhubiria. Alimwambia zahanati haina usafiri na watoto wachanga wa mashambani hawajachanjwa, kwa hiyo atambeba kwa pikipiki. Wakawa wanaondoka asubuhi na kurudi jioni, siku zote za matanga na baada yake, yeye na kisanduku cha chanjo nyuma, kijana mbele, mpaka kijana akirudi anataka maji ya kuoga na usingizi tu. Moto wa wanaume aliukuta umeshakwisha maneno. Tuliona uso wake ukilegea. Siku moja alinipita mashineni akaniambia kuku wangu yuko njiani, ila amepata pancha.

Mdogo alibaki nyumbani. Ndiye aliyekaa na baba wadogo tangu asubuhi, akiwasikiliza, na jioni aliongoza rozari kwa sauti tulivu hata watu wa mtaa wa pili wakawa wanakuja kusali kwetu. Hakuna aliyemsikia akilaani. Tukifikiria vizuri, hakuna aliyemsikia akisema chochote kisichokuwa sala. Wazee walisema huyu ndiye mtu mzima wa nyumba ile. Hata nesi alisema hivyo, nami nilimsikia.

Habari nzuri husafiri nazo. Wasafirishaji wa ndizi wanaopita barabara hii walifikisha Sanje kwamba Mchombe kumetulia, kwamba mtani amewanyang'anya wote mapanga, kwamba mtoto mkubwa sasa ni dereva wa nesi. Fundi akasikia. Arobaini ilikuwa bado, lakini harusi ilikuwa inakaribia. Akarudi.

Alipita mashineni kunisalimia. Aliniuliza kama ni kweli mapanga yote ninayo. Nikamfungulia gunia, nikamwambia ninayo yote pamoja na wembe wa kinyozi, na kwamba katika ukoo ule kwa sasa hata vitunguu vinakatwa kwa meno. Alicheka. Alikuwa na cheko la kaka yake, la kuinamisha kichwa. Akaenda bandani kwake kumalizia kitanda.

Yule mwana mdogo wa mtani wangu alimkuta ameinama anapima mbao. Hakuwa na panga. Alikuwa ameingia uani kwa watu, wanawake wakitwanga, akaomba mwichi kwa adabu, akiwasalimia wakubwa shikamoo, na wakampa kwa sababu nani atamnyima mtu kama yeye. Nilipofika mbio kutoka mashineni fundi alikuwa ameshakufa na kijana amekaa kwenye fremu ya kitanda cha harusi, mikono magotini. Watu walikuwa wamesimama mbali. Aliomba maji ya kunywa. Mama mmoja akampa kwenye kikombe cha plastiki, akanywa yote, akasema asante mama. Na mimi, Mungu ananiona, macho yangu yalikuwa kwenye kile kikombe. Nilikuwa nawaza maji yale yamechotwa wapi.

Mkubwa wake alifika na pikipiki, nesi nyuma, kisanduku cha chanjo bado kimefungwa kwa mpira. Nesi alishuka akaenda kwa aliyelala, akapiga magoti, akakaa hivyo kwa muda, ingawa kila mtu aliona hakuna cha kufanya. Kijana wa bodaboda alimtazama mdogo wake. Aliketi chini barabarani mahali alipokuwa amesimama.

Polisi walikuja. Kazi ilikuwa nyepesi tena.

Baada ya mazishi ya fundi, ambayo hatukujua twende au tusiende, tukaenda, mjane wa mtani wangu alikuja mashineni. Alikuwa ameshika kuku. Aliniamkia vizuri, akasema amekuja kukomboa mapanga, maana shamba la mume wake limeota majani na mkono wa kulima umebaki mmoja. Nikamwambia mama, chukua tu, kuku wa nini. Akasema utaratibu ni utaratibu. Akamfunga kuku kwenye mguu wa mashine, akajitwisha gunia mwenyewe. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Niliomba wawili," alisema. Hakuwa ananilaumu. Alisema kama mtu anayekumbusha kitu alichoagiza dukani.

Kuku yule sikuweza kumchinja. Nilimpeleka zahanati, nikamkuta nesi peke yake, anachemsha vifaa vyake. Nikamwambia kuku huyu ni wa kwake kuliko wangu. Hakukataa wala hakumpokea. Kuku akabaki sakafuni amefungwa miguu. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilitaka kumfariji, kwa hiyo nikamwambia tusijilaumu sana, maana mimi nimechunguza na nimegundua tulipokosea. Mapanga tuliyatoa, lakini ule mwichi ulikuwa umeloweshwa. Wanawake wale huchota kijitoni. Ni maji yaleyale.

"Maji gani?" aliuliza.

Nikamweleza yote. Mzee wa Masagati, panga lililooshwa kijitoni, homa ya chuma, kijiji baada ya kijiji kushuka na bonde, na jinsi nilivyokuwa nachemsha. Nilitegemea atacheka. Ningefurahi angecheka. Alizima jiko, akaketi kwenye benchi lilelile, akanijibu taratibu, kama anavyowaeleza akina mama namna ya kumpa mtoto dawa.

"Maji hayana kitu. Ya kunywa chemsha, ya panga acha. Ni kweli kwamba kinaambukiza, hapo hukukosea. Ila kule juu mtu alipouawa, watu walikwenda kuzika, wakakaa matanga, wakasikia yanayosemwa, wakarudi nayo kwao. Walishuka na bonde kwa sababu njia ni hiyo moja. Wewe ukaangalia mto." Alimtazama yule kuku. "Na hapa kwetu mimi nilimwondoa mkubwa nikamwacha mdogo na baba zake wadogo. Kutwa nzima walikuwa wanasema damu ya baba yenu, damu ya baba yenu. Walikuwa wanamlenga kaka yake. Kaka yake alikuwa na mimi kwenye pikipiki. Aliyeyasikia ni yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwepo."